Mtalii na Mzururaji



Ndugu zangu wapendwa, tafakari yetu ya juma hili inahusu maneno mawili ya lugha yetu ambayo, tukiyatazama vizuri, yanatuhukumu sisi wenyewe. Maneno hayo ni mtalii na mzururaji.

Hebu wafikirieni vijana wawili. Kila mmoja ana umri wa miaka 22. Kila mmoja amevaa kaptula na viatu vilivyochakaa, ana shanta mgongoni, hema lililokunjwa, sufuria ndogo na chupa ya maji. Wote wawili wanatembea na rafiki zao kaskazini mwa Bagamoyo wakielekea Saadani, na usiku uliopita wamelala kwenye mchanga, kando ya kijiji cha wavuvi. Mmoja ametoka Berlin, mwingine ametoka Manzese. Wa kwanza tunamwita mtalii. Tunamkaribisha, tunamwonyesha njia, watoto wanamkimbilia. Wa pili tunamwita mzururaji. Tunamuuliza ametoka wapi, anatafuta nini, na kwa nini hayuko kazini.

Ni tofauti gani iliyopo kati yao? Miguu ni ile ile, jasho ni lile lile, bahari ni moja. Tofauti yote imo machoni mwetu sisi tunaowatazama.

Suala hili halikutoka hewani. Vijana wetu wanane, wavulana watano na wasichana watatu, wameomba baraka ya parokia ili waende safari ya siku saba: kutoka Mji Mkongwe wa Bagamoyo hadi Saadani, na kutoka Saadani hadi Pangani. Watatembea kwa miguu na mizigo yao mgongoni, na watapanda gari pale ambapo sheria ya hifadhi hairuhusu mtu kutembea. Wamejiwekea akiba kwa miezi mitano na hawajaomba hata shilingi ya parokia. Wameomba baraka tu. Na hiyo baraka imeleta maneno mengi katika Jumuiya Ndogondogo na katika Halmashauri Walei kuliko deni la paa la kanisa. Nimeyasikiliza kwa heshima, kwa maana wanaoyasema ni wazazi na wazee wangu. Hata hivyo, naona kwamba katika jambo hili wazee wangu hawako sahihi, na ni wajibu wangu kueleza kwa nini. Nitazichukua hoja zao moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza: "Hayo ni mambo ya Kizungu."

Hii ndiyo hoja inayorudiwa zaidi, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Kama kuna sehemu ya dunia ambayo haina haki ya kusema kwamba kutembea na mzigo ni jambo la kigeni, ni mwambao huu wa kwetu. Bagamoyo ilijengwa na miguu. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Tabora na Ujiji iliishia hapo, na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mzigo wa takriban frasila mbili, yaani kama kilo 30 na zaidi, kwa miezi kadhaa. Wengi husema kwamba jina lenyewe la mji linatokana na kubwaga moyo. Wapo wanaolieleza kwa furaha ya mpagazi aliyefika pwani akatua mzigo, na wapo wanaolieleza kwa uchungu wa mtumwa aliyejua kwamba akivuka bahari hatarudi tena. Kwa maana yoyote utakayoichagua, ni jina la watu waliofika kwa miguu.

Saadani nayo ilikuwa bandari na mlango wa bara. Kutoka hapo misafara ilikwea kuelekea Mpwapwa na kwingineko, na wamisionari wa Kianglikana waliokwenda Uganda katika miaka ya 1870 walipitia njia hiyo. Bwana Heri, aliyeitawala Saadani, aliwapinga Wajerumani kwa silaha mwaka 1889. Haukuwa mji wa kulala usingizi.

Tuwakumbuke pia watu wenyewe. David Livingstone alifariki dunia tarehe 1 Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliuzika moyo wake pale pale, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa takriban miezi tisa, safari ya zaidi ya kilomita 1,500, mpaka Bagamoyo. Mwezi Februari 1874 mwili ule ulipokewa katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliokuwa wamefika hapo mwaka 1868. Jacob Wainwright, kijana Mwafrika wa msafara ule, aliusindikiza hadi Uingereza na akawa miongoni mwa walioshika jeneza katika Westminster Abbey. Naye Sidi Mubarak Bombay aliwaongoza Burton na Speke, kisha Stanley, kisha Cameron. Dunia inawaita hao wanne wavumbuzi. Bombay, aliyetembea na wote wanne, inamwita mtumishi.

Mnasema vijana wetu wameiga wapanda milima wa Ulaya? Haya, tuuzungumzie mlima. Mwaka 1888 Mjerumani Hans Meyer alikamatwa katika mwambao huu huu na watu wa Abushiri, akaachiwa baada ya kulipa fidia. Mwaka uliofuata alirudi, na tarehe 6 Oktoba 1889 akafika kilele cha Kibo pamoja na Ludwig Purtscheller. Majina hayo mawili yanajulikana na kila mwanafunzi. Ni wangapi kati yetu wanaomjua Mwini Amani? Huyo alikuwa mtu wa Pangani, mtoto wa joto na mnazi, na ndiye aliyebaki na Wazungu wale katika kambi ya juu, kwenye baridi kali, wenzake waliposhuka. Mtu wa mwambao huu alikuwa kwenye mteremko wa Kibo siku ile mlima ulipopandwa. Halafu leo tunawaambia wajukuu zake kwamba kubeba hema ni mambo ya Kizungu!

Mpaka leo vijana wetu wanapanda Kilimanjaro kila siku, na kanuni zimeweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa kila mpagazi. Hakuna mzazi anayelalamika kwamba hilo ni la kigeni, maana linaleta mshahara. Hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo na kujitazama. Mtoto wetu akibeba shanta la mwingine, ni mchapakazi. Akibeba shanta lake mwenyewe, ni mzururaji. Ndiyo kusema tumekubali kwamba miguu ya Mwafrika ina heshima pale tu inapomfuata mtu mwingine?

Hoja ya pili: "Ni uvivu. Waende wakafanye kazi."

Neno uzururaji lina historia, na ni vyema tuijue kabla ya kulitumia juu ya watoto wetu. Sheria ya kumwadhibu mtu kwa sababu anaonekana hana kazi wala makazi ilitoka Uingereza, ambako sheria ya mwaka 1824 iliwalenga maskini waliotembea barabarani. Mkoloni aliileta huku, ikaingia katika Kanuni ya Adhabu, katika vifungu vya 176 na 177, kwa sababu alitaka Mwafrika awe shambani, kiwandani au kijijini kwake, wala asiende mahali pasipo kibali. Tulipopata uhuru hatukuifuta. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvukazi, na wenye umri wangu na zaidi wanakumbuka watu walivyokamatwa mitaani Dar es Salaam na kupelekwa vijijini.

Lakini Katiba yetu, Ibara ya 17, inampa kila raia uhuru wa kwenda na kuishi popote katika Jamhuri ya Muungano. Na tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, ambayo makao yake yako Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika, kwa kuwa zinamwadhibu mtu kwa hali yake wala si kwa kosa alilotenda. Majaji wa Afrika wamekwisha kulikataa neno hili. Sisi bado tunalitumia sebuleni.

Wazee wangu, nanyi mnakumbuka wakati ambapo taifa liliwaheshimu waliotembea. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, na makundi ya vijana yakatembea mikoa kwa mikoa. Kijana Seti Benjamin alifia njiani katika matembezi ya kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam, na jina lake likaingia katika kumbukumbu ya nchi. Hakuna aliyethubutu kuwaita wale wazururaji. Mtasema walitembea kwa ajili ya jambo kubwa. Ni kweli. Basi nami nasema kwamba kuifahamu nchi yako kwa nyayo zako ni jambo kubwa.

Tena vijana hawa si wavivu. Mmoja wao ni fundi wa umeme, wawili wanauza duka, mmoja ni mwalimu wa chekechea, na waliobaki wamemaliza mitihani ya chuo. Wamefanya kazi mwaka mzima. Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba, nasi tunahubiri hivyo kila mwaka. Ila inaonekana kwetu pumziko halali la kijana ni kukaa mbele ya televisheni au kaunta ya baa. Akikaa baa hadi saa sita za usiku, hakuna anayeitisha kikao. Akisema anataka kutembea mpaka Pangani, Halmashauri nzima inakutana!

Hoja ya tatu: "Ni hatari."

Hii ni hoja ya kweli na sitaidharau. Saadani si bustani ya mjini. Ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,100, nayo ndiyo hifadhi ya taifa ambako pori la wanyama wakubwa wa bara linashuka mpaka kwenye Bahari ya Hindi. Huko kuna simba, tembo na nyati. Katika Mto Wami kuna viboko na mamba, na mdomo wa mto haujui kwamba wewe ni mwanakwaya. Bahari nayo ina taratibu zake: wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kwa mita tatu na zaidi, na ufuko uliopita asubuhi kwa miguu mikavu unaweza kuukuta jioni umemezwa mpaka kwenye mikoko. Wakati wa masika njia za huko hugeuka tope.

Kwa sababu hiyo nimewawekea masharti, nao wameyakubali kwa maandishi. Wataingia hifadhini kwa lango, kwa kibali, na kwa kulipa kiingilio kama raia, ambacho ni sehemu ndogo tu ya kile anacholipa mgeni kwa dola. Hawatatembea ndani ya hifadhi bila askari mwenye silaha. Hawatavuka mto kwa kuogelea wala kwa mtumbwi wa kubahatisha. Hawatalala popote bila kwanza kumwona mwenyekiti wa kitongoji. Watamuuliza mvuvi habari za maji kila jioni, kwa maana mvuvi anajua kupwa na kujaa kwa bahari kuliko simu yoyote. Na hawatakwenda wakati wa masika.

Baada ya masharti hayo, naomba tuwe wakweli. Kila mwaka tunawazika vijana wa bodaboda. Kila mwaka tunasoma habari za mabasi. Hatujawahi kukataza mtu kupanda basi kwenda harusini. Hatari ambayo tumeizoea hatuioni; ile tusiyoijua ndiyo tunayoiita jaribu la shetani. Mzazi mwema humfundisha mtoto kuogelea kabla ya kumkataza kisima. Kijana aliyefundishwa kuheshimu mto, simba na bamvua atarudi akiwa na busara ambayo hakuna semina itakayompa.

Hoja ya nne: "Wavulana na wasichana pamoja, kwenye mahema?"

Wazazi wa wale wasichana watatu wana haki ya kuuliza, nami nimewajibu ana kwa ana. Wasichana watakuwa na hema lao, wavulana yao, na watafuatana na walezi wawili, mume na mke wa ndoa ya miaka kumi na minane, ambao wamejitolea likizo yao.

Lakini naomba kuuliza nami. Kwaya yetu husafiri usiku kucha kwa basi moja, wake kwa waume, na hakuna anayehoji. Kila mwaka, kabla ya tarehe 3 Juni, maelfu ya mahujaji huenda Namugongo kuwaenzi Mashahidi wa Uganda, na wengi wao hutembea kwa majuma kadhaa kutoka majimbo ya mbali ya Uganda, na wengine kutoka nchi jirani. Wanalala pamoja madarasani na kwenye viwanja vya makanisa, wanaume na wanawake, vijana kwa wazee. Tunawasifu kwa imani yao, na tunafanya vyema. Basi usafi wa moyo hauko katika aina ya safari. Msichana wa parokia hii anayeweza kuaminiwa Namugongo anaweza kuaminiwa Saadani. Na kama hawezi kuaminiwa Saadani, tatizo lilianza nyumbani zamani, wala halitatibiwa kwa kumfungia geti.

Nami nasema wazi: nimeona kwamba wanaokatazwa kwanza ni wasichana. Kuna waliosema, "Wavulana waende, mabinti wabaki." Hapana. Wataenda wote, au hawataenda.

Hoja ya tano: "Twiga hawaliwi. Ni kutupa pesa."

Husimuliwa kwamba hata Mwalimu Nyerere alisema hana hamu ya kutumia likizo yake kutazama mamba, ila alitambua kwamba wapo wageni watakaolipa kuwatazama. Hata hivyo, mwezi Septemba 1961, katika tamko linalojulikana kama Manifesto ya Arusha, alikubali kwamba wanyama hao ni dhamana tuliyokabidhiwa kwa ajili ya watoto wa watoto wetu. Nchi imefuata zaidi ile sehemu ya kwanza. Mwaka 2022 ilizinduliwa filamu ya The Royal Tour ili kuwavuta wageni, na mwaka 2023 walifika zaidi ya milioni 1.8. Sina ugomvi na wageni hao. Wengi wa majirani zetu wanakula kwa ajili yao. Ugomvi wangu ni huu: dhamana ya watoto wa watoto wetu, na watoto wenyewe hawajawahi kuiona.

Kisha tuhesabu. Gharama ya safari hii kwa kijana mmoja haifikii nusu ya mchango ambao wengi wetu huombwa kwa sherehe moja ya kumuaga binti. Michango hiyo tunaitoa hata kwa kukopa, kwa ajili ya usiku mmoja wa mapambo. Hapo hakuna anayeuliza kama mapambo yanaliwa.

Na kuna sababu nzito zaidi. Mwambao huu unabadilika haraka. Barabara ya kuiunganisha Bagamoyo na Tanga kwa kupitia Saadani na Pangani imekuwa ikijengwa katika miaka hii ya 2020, pamoja na daraja la Mto Pangani. Ni jambo jema, mgonjwa atafika hospitali. Lakini barabara ikifika, hufuata wenye fedha na vigingi vya mipaka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Ni kijana gani atakayejua kwamba ukuta uliojengwa mbele ya bahari unavunja sheria, kama hajawahi kupita hapo ukuta haujakuwapo? Ni nani atakayewatetea kasa wanaotaga mayai kwenye mchanga wa Madete, kama hajawahi kuona nyayo zao? Ni nani atakayeelewa mgogoro wa mpaka uliodumu miaka mingi kati ya hifadhi na wakazi wa kitongoji cha Uvinje, kama hajakaa kwenye mkeka wao akasikia upande wao, kisha akamsikia askari wa hifadhi naye akieleza upande wake?

Kitu kisichojulikana hakilindwi. Anayepita kwa gari lenye vioo vya giza anaona pori na bahari. Anayepita kwa miguu anaona kisima cha fulani, kaburi la fulani, mnazi wa fulani. Anajifunza kwamba nchi ina wenyewe.

Sasa neno kwenu, vijana. Msifurahi haraka mkadhani padre yuko upande wenu kwa kila jambo.

Wapo wanaotembea ili wapigwe picha. Wanafika ufukweni na spika kubwa, wanafukuza ndege, wanaacha chupa za plastiki, wanarudi na picha mia tatu bila jina la mtu hata mmoja waliyekutana naye. Huo nauita uzururaji, hata ukifanywa kwa tiketi ya ndege. Mzururaji wa kweli ni yule anayepita mahali bila kumdai wala kumwachia mtu kitu, na mahali pale pasimbadilishe.

Katika Injili ya Luka, sura ya 24, wanafunzi wawili walitembea kwenda Emau, safari ya kama kilomita 11, wakiwa wamekata tamaa. Mtu wa tatu akajiunga nao. Hawakumtambua barabarani. Walimtambua mezani, baada ya kumshika na kumsihi alale kwao. Mnaona? Kutembea peke yake hakukutosha. Ilibidi kuwe na mazungumzo ya njiani, na ilibidi kuwe na mlango uliofunguliwa. Ninyi safari hii mtakuwa upande wa pili: mtakuwa wageni mnaohitaji mlango wa mtu.

Kwa hiyo, mkifika kijijini, salimuni kwanza na muombe maji baadaye. Wengi wa watakaowapokea ni ndugu zetu Waislamu. Wasichana kwa wavulana, vaeni kwa staha. Adhana ikilia, zimeni muziki. Mkialikwa kula, kuleni kwa mkono wa kulia na mshukuru. Mama akiwapa muhogo na samaki, msimpe pesa mbele ya watu kana kwamba mmenunua hotelini. Ulizeni ana upungufu gani, chumvi, sukari au daftari za watoto, na mlete. Takataka zenu zirudi nazo katika shanta. Na kila usiku, kabla ya sala, kila mmoja ataje jina la mtu mmoja aliyekutana naye siku hiyo na jambo moja alilojifunza kwake. Mtakaporudi, hayo ndiyo mtakayotueleza baada ya Misa. Picha zitasubiri.

Ndugu zangu, katika ufuko huo huo wa Bagamoyo waliletwa watu kwa minyororo. Walitembea mamia ya kilomita, na hakuna hata hatua moja waliyoichagua wenyewe. Wamisionari walipofika mwaka 1868 walianza kuwakomboa baadhi yao na kuwajengea kijiji. Kwa hiyo sisi, kuliko watu wengine, tunapaswa kujua thamani ya hatua anayoichagua mtu mwenyewe. Mtoto wa nchi iliyokuwa na minyororo anapofunga shanta lake, akachagua njia, akachagua rafiki, akaenda kuitazama bahari yake, wala hakumwomba mkoloni kibali, hapo mimi nawaona mababu wakitabasamu. Tusiwe sisi wa kumwita kwa jina alilotuachia mkoloni.

Basi uamuzi wangu kama paroko ni huu. Baraka nitaitoa, hadharani, Jumamosi ya kwanza baada ya masika, mwisho wa Misa ya asubuhi. Bado wanapungukiwa mahema mawili, sanduku la huduma ya kwanza, na taa. Najua wapo kati yenu waliopitia JKT ambao shanta zao zinaliwa na nondo darini, zileteni ofisini. Na wazee mliopinga, nawaomba mje siku hiyo. Msije kunyamazishwa. Mje muwaambie vijana hawa kile mnachokijua juu ya njia hiyo, maana baadhi yenu mmeipita mkiwa wadogo kuliko wao, mkiwa peku, na mzigo wa mama kichwani.

Mungu awabariki nyote, awalinde wasafiri wote wa nchi kavu na baharini.

Ndimi paroko wenu katika Kristo.